Lapland mwezi wa Machi: mwongozo wa safari ya theluji nchini Ufini kwa anayetoka nchi za joto

Lapland ni sehemu ya kaskazini ya Ufini, karibu theluthi moja ya nchi nzima, na sehemu yake kubwa iko juu ya mstari wa Aktiki. Mgeni kutoka Mombasa au Mwanza anaweza kukaa kule wiki nzima kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri na akafurahi. Mwingine atakaa siku mbili tu kwenye nyuzi 8 chini ya sifuri na kutamani kurudi. Kinachowatofautisha mara nyingi ni unyevu. Mwili mkavu huhimili baridi kali, lakini mwili uliolowa jasho hauhimili hata baridi ya kawaida. Karibu kila kilichomo katika mwongozo huu kinatokana na hilo.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya kuchagua mji

Wageni wengi huikimbilia Desemba kwa ajili ya Krismasi. Hatuwashauri, isipokuwa una watoto wanaotaka kumwona Baba Krismasi kwenye kijiji chake, kilomita 8 kaskazini ya Rovaniemi. Desemba bei ziko kileleni na mchana hakuna. Rovaniemi jua huchungulia kwa muda wa saa mbili hivi na kuzama tena. Utsjoki, kaskazini kabisa, jua huzama mwishoni mwa Novemba na halichomozi tena hadi katikati ya Januari. Kipindi hicho Wafini hukiita kaamos. Sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo tukifika huko hatuna pa kuanzia hesabu.

Januari ndio mwezi wa baridi kali. Rekodi ya Ufini iliwekwa tarehe 28 Januari 1999 katika kijiji cha Pokka, Kittilä: nyuzi 51.5 chini ya sifuri. Hiyo haitokei kila mwaka, lakini 30 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, na Januari 2024 kipimo cha Enontekiö kilishuka hadi 44.3 chini. Kwenye baridi ya namna hiyo waandaaji hufuta safari za nje, nawe unabaki hotelini ukitazama dirisha ulilolilipia.

Februari mwanga umerudi, ila kuanzia wiki za mwisho za mwezi huo hadi mwanzoni mwa Machi shule za Ufini hufunga kwa likizo ya kuteleza kwenye theluji, na vyumba hujaa.

Ukiweza kuchagua, nenda kati ya tarehe 8 na 28 Machi. Theluji iko kwenye kina chake kikubwa, mchana una saa 11 hadi 13, joto la mchana kwa kawaida huwa nyuzi chache chini ya sifuri, na usiku bado una giza la kutosha kuona mianga ya kaskazini, yaani mwanga wa rangi unaocheza angani usiku. Ikifika katikati ya Aprili anga haliwi jeusi kabisa, kwa hiyo mianga huonekana kwa shida.

Baada ya mwezi, mji. Rovaniemi hufikika kwa urahisi na ina kila kitu, lakini ni mji wenye taa na watu. Kwa ukimya na anga jeusi panda hadi Saariselkä, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Urho Kekkonen, au Inari, kilomita zipatazo 330 kaskazini ya Rovaniemi. Siku saba zinatosha: mbili Rovaniemi, nne Inari au Saariselkä, moja ya njiani. Ukija kwa siku tatu tu kuwinda mianga, mawingu yakitanda siku zote tatu utaondoka mikono mitupu.

Hatua ya 2: Viza na bima

Ufini iko ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na kabla ya siku 15 za mwisho. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini sheria inaruhusu hadi 45, kwa hiyo kwa safari ya Machi peleka makaratasi Desemba. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen, kurasa mbili tupu, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Kama utapita nchi nyingine za Schengen, omba viza kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi, si ile ambayo ndege itatua kwanza. Kosa hili hurudisha maombi mengi.

Bima ya viza inatakiwa kufidia matibabu ya angalau euro 30,000. Isome hadi mwisho. Bima nyingi za bei nafuu zinatosha kwa viza lakini zinatenga pikipiki za theluji, kuteleza nje ya njia rasmi na uokoaji porini, yaani mambo yenyewe unayoyaendea. Uliza kwa maandishi kama pikipiki ya theluji imo.

Hatua ya 3: Nguo, na hapa usiharakishe

Hutakiwi kununua koti la mamilioni. Kampuni nyingi za safari za mbwa na pikipiki za theluji hukupa ovaroli nene, buti na glavu kama sehemu ya malipo. Unachotakiwa kuja nacho ni vile vinavyogusa ngozi.

Vaa matabaka matatu. La kwanza linabana mwili na kazi yake ni kuondoa jasho kwenye ngozi: sufu nyembamba ya merino, fulana ya mikono mirefu na suruali ya ndani. La pili hushika hewa yenye joto: sweta ya sufu au flisi. La tatu huzuia upepo na theluji. Pamba iache nyumbani, pamoja na jinzi na soksi za pamba. Pamba ikishanyonya jasho haikauki na inakuwa kama kitambaa baridi kilichofungwa mwilini. Mtu anayeganda akiwa na koti zuri, mara nyingi ukimfunua utakuta fulana ya pamba chini.

Sufu nzuri inapatikana kwenye mitumba, Gikomba au Ilala, kwa bei ndogo sana kuliko ya dukani Ulaya. Soma lebo: neno ni wool kwa Kiingereza, laine kwa Kifaransa, Wolle kwa Kijerumani, villa kwa Kifini. Kama lebo imekatwa, chomoa uzi mmoja na uuchome. Sufu hunuka nywele zilizoungua na huacha jivu linalosagika kidoleni. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Akriliki si haramu, ila ikilowa haikutunzi kama sufu.

Kwa wiki moja beba matabaka ya kwanza mawili, sweta mbili, soksi nyembamba za sufu jozi tatu na nene jozi mbili, kofia ya sufu inayofunika masikio yote, na shungi la shingo linaloweza kupandishwa hadi puani. Anayevaa hijabu atumie mtandio wa sufu badala ya hariri au pamba, na kofia juu yake. Mwenye rasta au misuko mirefu atafute kofia kubwa mapema, kwa sababu za dukani kule hazimwingii. Misuko hushika maji kwa saa nyingi, kwa hiyo osha kichwa jioni unayojua hutoki tena. Nywele mbichi zikitoka nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri huganda zikawa vijiti.

Mikononi, glavu nyembamba ya sufu ndani, kisha glavu kubwa ya mfuko nje, ile ambayo kidole gumba peke yake ndicho kinachojitenga. Vidole vinne vikikaa pamoja hupashana joto. Glavu ya vidole vitano huviacha kila kimoja kijitegemee.

Miguuni kosa ni lile lile kila mwaka: mtu anavaa soksi tatu ndani ya kiatu chake cha kawaida. Kiatu kinabana, damu haipiti, na miguu inakuwa baridi zaidi kuliko angevaa soksi moja. Buti iwe kubwa kwa namba moja au moja na nusu kuliko kawaida, soksi nyembamba na nene moja, na vidole viweze kucheza ndani. Ukipewa buti ya kukodi isiyoruhusu vidole kucheza, irudishe bila aibu.

Ongeza miwani ya jua na mafuta ya kukinga jua. Hili huwashangaza wengi, lakini theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua, nayo hukupiga machoni kutoka chini.

Koti na buti vaa au beba mkononi ndani ya ndege. Sanduku likichelewa siku mbili, utazihitaji hizo.

Hatua ya 4: Kufika

Kutoka Nairobi au Dar es Salaam njia ya kawaida ni kubadilisha ndege Istanbul, Doha au Amsterdam hadi Helsinki. Kutoka Helsinki una njia mbili. Ndege hadi Rovaniemi, Kittilä au Ivalo huchukua saa moja na nusu hivi. Treni ya usiku hadi Rovaniemi huchukua takriban saa 12, ina vyumba vya watu wawili wawili, na vya ghorofa ya juu vina choo na bafu ndani. Tungechagua treni kwa kwenda: unalala, unaokoa hoteli ya usiku mmoja, na asubuhi unaamka misonobari imeinamia reli kwa uzito wa theluji. Tiketi za vyumba huisha mapema, kata mara tu viza ikitoka. Kutoka Rovaniemi basi huenda Saariselkä, Ivalo na Inari.

Ratiba zote zimeandikwa kwa saa 24 za kizungu. Basi la 14.30 ni la saa nane na nusu mchana. Wakati wa baridi Ufini iko nyuma ya Kenya, Tanzania na Uganda kwa saa moja. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi saa zinalingana.

Kadi ya benki inakubalika karibu kila mahali. Maji ya bomba ni salama, usinunue ya chupa. Mlangoni kwa watu vua viatu, kama nyumbani.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza na ya pili, uzoeze mwili

Siku ya kwanza usiweke safari kubwa. Toka dakika 20, rudi, angalia ni wapi baridi imepenya, rekebisha, toka tena. Ukianza kutembea uwe unahisi baridi kidogo. Ukitoka nyumbani ukiwa na joto zuri, baada ya dakika kumi utatoka jasho, na jasho hilo ndilo litakalokugandisha utakaposimama. Fungua zipu kabla hujalowa, na ongeza nguo kabla hujaanza kutetemeka.

Kipimajoto hakisemi yote. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, upepo wa mita 10 kwa sekunde unaifanya ngozi ipoe kana kwamba ni 34 chini. Kuendesha pikipiki ya theluji kwa kilomita 40 kwa saa kunaleta hali hiyo hiyo hata kama hakuna upepo.

Kuna jambo ambalo miongozo iliyoandikwa kwa Wazungu huliruka. Tafiti zilizofanywa kwa askari wa Uingereza na Marekani zimeonyesha kwamba watu wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi kwa urahisi zaidi kuliko wenzao, hasa kwenye vidole vya mikono na miguu. Tena dalili inayotajwa kila mahali, ngozi kuwa nyekundu kisha nyeupe, kwenye ngozi nyeusi haionekani vizuri. Angalia badala yake rangi ya majivu au kijivu, mng'ao kama wa nta, na ngozi kuwa ngumu ukiibonyeza. Safirini wawili wawili na kaguaneni nyuso kila dakika 10 au 15: pua, mashavu, ncha za masikio. Hereni za chuma zivue.

Dalili kuu haionekani kwa macho. Kidole kinachouma bado ni kizima. Kidole kilichokuwa kinauma na ghafla kimenyamaza bila kupata joto, hicho kiko hatarini. Kiingize kwapani au tumboni kwa mwenzako mara moja. Usikisugue, usikipake theluji, usikisogeze karibu na moto, kwa sababu hakina hisia na kitaungua bila wewe kujua. Kama kimekuwa kigumu kama mti, fika ndani kwanza, kisha kiloweke kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39 na upige 112. Usikiyeyushe porini kama kuna uwezekano wa kuganda tena. Kuganda mara ya pili huharibu zaidi.

Mtu anayejikwaa, anayeshindwa kufunga zipu, anayegugumia maneno, amepoa mwili mzima. Mwondoe kwenye upepo, mvue nguo zilizolowa, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza. Pombe hapana: hupanua mishipa ya ngozi, anahisi joto huku akilipoteza.

Namba ya dharura ni 112 kwa kila kitu, na wanazungumza Kiingereza. Pakua programu ya 112 Suomi. Ukipiga kupitia humo, mahali ulipo hutumwa pamoja na simu. Simu yenyewe iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Kwenye baridi kali betri yenye asilimia 60 inaweza kuzimika ghafla.

Kwa wanaoswali: kutia wudhuu miguu kila mara na kuirudisha ndani ya soksi ikiwa na umajimaji ni njia ya uhakika ya kupata baridi vidoleni. Ruhusa ya kupangusa juu ya khuffu, yaani soksi za ngozi, siku tatu kwa msafiri, imewekwa kwa hali kama hii. Muulize shekhe wako kabla ya safari kuhusu soksi nene na buti.

Hatua ya 6: Shughuli zenyewe

*Mbwa.* Sleji moja huchukua wawili: mmoja amesimama nyuma akiendesha, mwingine amekaa. Breki ni chuma kilicho katikati ya miguu yako. Ukisimama, ikanyage kwa miguu yote miwili na usiiachie hadi kiongozi aseme. Mbwa wakiachiwa huruka kwa nguvu, na aliyesimama magoti yakiwa yamenyooka hubaki nyuma chali. Kunja magoti kidogo, shika kwa mikono miwili. Kwenye mteremko kanyaga breki kidogo kidogo ili kamba ibaki imekazwa, la sivyo sleji huwagonga mbwa wa nyuma. Kwenye mlima sukuma kwa mguu mmoja. Na sheria iliyo juu ya zote: sleji ikipinduka, usiachie. Mbwa hawasimami kwa sababu umeanguka. Wataondoka nayo, na aliyekaa ndani wataondoka naye. Aliyekaa hupoa haraka kuliko anayeendesha, kwa hiyo badilishaneni katikati ya njia.

*Pikipiki ya theluji.* Uwe na leseni ya gari na uichukue siku hiyo. Mafuta hubonyezwa kwa kidole gumba cha kulia, breki ni mkono wa kushoto. Ajali ya kawaida hutokea hivi: chombo kinaegemea upande, dereva anashtuka na kukunja ngumi, gumba linabonyeza mafuta, na mti unasogea. Jizoeze kwenye uwanja wazi kuachia gumba kwanza kila unaposhtuka. Usitoe mguu nje kujizuia usianguke. Goti ndilo linalovunjika. Kaa ndani ya njia iliyoshindiliwa, maana pembeni theluji laini inaweza kufika kiunoni. Kabla ya kutia saini, uliza kiasi utakachodaiwa ukiharibu chombo. Mara nyingi kinaweza kupunguzwa kwa ada ndogo ya siku, nasi tunashauri ulipe.

*Mianga ya kaskazini.* Kwa Kifini huitwa revontulet, mioto ya mbweha. Kilpisjärvi huonekana usiku tatu kati ya minne, Sodankylä usiku mmoja kati ya miwili, Helsinki mara moja kwa mwezi hivi, ilimradi anga ni safi. Sharti hilo la mwisho ndilo linalowatesa watu. Kila jioni angalia kwanza ramani ya mawingu ya Ilmatieteen laitos, mamlaka ya hali ya hewa ya Ufini, ndipo uangalie utabiri wa mianga. Mianga mikubwa juu ya wingu ni sawa na hakuna. Toka kati ya saa 3 usiku na saa 8 usiku, ondoka kwenye taa, tazama kaskazini, na yape macho dakika 20 bila skrini ya simu. Ikiwa dhaifu, jicho huiona kama wingu la kijivu linalotembea; kamera ndiyo huonyesha kijani.

Kwa picha: kamera iwe juu ya miguu mitatu, fokasi ya mkono kwenye nyota, tundu f/2.8 au pana zaidi, ISO 1600 hadi 3200, sekunde 5 hadi 15. Mianga ikicheza haraka punguza sekunde. Ukimaliza, ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, ndipo uingie, na usiufungue kwa saa mbili. Ukiiingiza wazi, mvuke wa ndani utatua juu ya lenzi na ndani yake, kama maji kwenye chupa iliyotoka friji.

*Ziwa lililoganda.* Barafu imara ya sentimita 5 hubeba mtu mmoja anayetembea, na pikipiki ya theluji inataka 15 au zaidi. Mwezi Machi barafu ya ziwa Inari kwa kawaida huzidi nusu mita, lakini hailingani kila mahali. Iogope chini ya madaraja, kwenye midomo ya mito, kwenye mikondo kati ya visiwa, kando ya matete, na penye theluji nene juu, kwa sababu theluji ni blanketi na huizuia barafu kukomaa. Fuata njia zilizowekwa alama. Shingoni vaa jozi ya miiba ya chuma inayoitwa naskalit, inauzwa duka lolote la vifaa vya uvuvi. Ukizama, dakika ya kwanza ni ya kutuliza pumzi tu. Una kama dakika kumi kabla mikono haijakataa. Geukia ulikotoka, maana barafu ya huko ilikubeba, choma miiba, piga miguu, jivute, kisha bingirika mbali na shimo bila kusimama.

Kuvua samaki kwa kijiti kifupi kupitia tundu la barafu hakuhitaji kibali wala ada, isipokuwa penye makatazo maalumu. Kaa juu ya kipande cha sponji au ngozi, kamwe si juu ya barafu yenyewe.

*Sauna.* Ndani ni nyuzi 70 hadi 90. Anza benchi la chini. Maji hutiwa juu ya mawe kidogo kidogo, na kabla ya kutia waulize wenzako. Wafini huoga uchi, wanaume mbali na wanawake. Kwenye sauna za watalii nguo ya kuogelea inaruhusiwa. Ukitaka kuingia kwenye tundu la barafu baadaye, shuka kwa ngazi polepole ukitoa pumzi nje, usiruke, usizamishe kichwa, na sekunde 10 zinatosha mara ya kwanza. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo aache.

*Poro na Wasami.* Poro ni kulungu wa kaskazini, na kila poro unayemwona, hata yule wa katikati ya msitu, ana mwenyewe na alama sikioni. Inari ni kitovu cha Wasami wa Ufini, wenyeji wa asili wa kaskazini: bunge lao liko katika jengo la Sajos, na jumba la makumbusho la Siida linastahili nusu siku. Usimuulize mfugaji ana poro wangapi. Msomaji anayewajua Wamaasai au Wadatoga hahitaji kuelezwa kwa nini.

*Kulala porini.* Ndani ya hifadhi kuna vibanda vya autiotupa, bure, vyenye jiko la kuni. Kanuni yake ni kwamba aliyefika mwisho ndiye mwenye haki zaidi ya nafasi. Aliyetangulia, akishapumzika, husogea au huondoka. Kata kuni za kumtosha atakayekuja baada yako. Usiende bila mwenyeji kama hujawahi kuteleza kwa mbao za theluji.

Hatua ya 7: Kama utaendesha gari

Kwanza jiulize kama ni lazima. Mabasi yapo, na barabara ya barafu haimsamehi mgeni. Ukiamua, gari la kukodi litakuwa na matairi ya baridi. Omba yenye misumari. Kasi ya barabara nyingi majira hayo ni kilomita 80 kwa saa, nayo ni kikomo, si lazima uifikie. Acha nafasi mara nne ya uliyoizoea, na ukiteleza ondoa mguu kwenye mafuta, geuza usukani taratibu kuelekea unakotaka kwenda.

Gari litakuwa na soketi mbele ya kuchomeka waya wa umeme wa kupasha injini. Kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri lichomeke saa 2 kabla ya kuwasha, chini ya 20 saa 3. Usivute breki ya mkono usiku, inaweza kugandia. Acha gari kwenye gia. Na kumbuka kuchomoa waya kabla ya kuondoka, maana wageni huondoka nao.

Poro hutembea barabarani kwa makundi. Ukiona mmoja, simama au nenda mwendo wa mtu, wengine wako nyuma yake. Hirvi, mnyama mwenye urefu wa farasi, ni hatari zaidi, hasa alfajiri na magharibi. Ukigonga yeyote kati yao, piga 112 hata kama gari ni zima. Ndani ya gari ziwepo nguo zenu zote za nje, blanketi na chai ya moto. Injini ikizima kilomita 40 kutoka kijijini, mtazihitaji.

Usiku wa mwisho

Nyumba nyingi za kupanga zina kabati la kukaushia. Tumia. Toa soli za ndani za buti, zitundike peke yake. Buti iliyofungwa sanduku ikiwa na unyevu itafika Dar es Salaam na ukungu wa kijani. Nguo za sufu usizifue kwa maji ya moto ukifika, zitarudi saizi ya mtoto: maji baridi, sabuni kidogo, usizikamue, zitandaze juu ya taulo kivulini.